Kola ya Namba Nane na Mkono Wangu wa Kulia

Siku ile ya mchezo na watu wa Mtoni, waliokuwepo ni hawa. Kwenye ngazi za saruji, upande wa wanawake, alikuwepo Bi Riziki Mosi, shoga yangu tangu tunasoma chuo kimoja cha Kurani, mama wa Hassan na Hussein, mapacha waliokuwa wakichezea timu yetu ya mpira wa kikapu. Ngazi ya chini yake alikuwepo Bi Kidawa Ali, wifi yangu, aliyekuwa akiuza urojo mlangoni mwa uwanja, na binti yake Mwanaidi, ambaye leo ndiye mwenye funguo nilizokuwa nazo mimi. Kwenye benchi alikuwepo kocha, Mwalimu Suleiman Othman, jirani yetu. Uwanjani walikuwemo Hassan na Hussein, Salum Rajabu, ambaye baba yake, fundi cherehani wa mtaani kwetu, alikuwepo ngazi za wanaume, Idi Mbarouk mpwa wa kocha, na Ame Pandu. Ame hakuwa na mtu pale. Mama yake, Bi Tatu, alikuwa kwao Bububu na miguu haimchukui. Na mimi Mwatima nilikuwa nimesimama penye mfereji, lile bomba la maji pembeni ya mstari, na beseni langu.

Majina haya nimeyatanguliza makusudi. Kila aliyekuwa akicheza alikuwa na mtu wake kwenye ngazi au kwenye benchi, isipokuwa mmoja. Mkilishika hilo, mengine yote mtayafahamu.

Mwanaidi ndiye aliyenambia niandike. "Shangazi, ulivyostaafu umetuachia funguo na ufagio, lakini yaliyomo kichwani umeondoka nayo." Mimi skuli niliishia darasa la nne, na kalamu naikamata kama ninayekamata mwiko, lakini nimeandika. Mshahara sitausema kwa kuwa hauna cha kusemwa. Cheo nilichoanza nacho ndicho nilichomaliza nacho: mwanamke wa uwanja.

Kazi hii alinitia Mzee Foum Khatib, aliyekuwa mtunza uwanja kabla yangu. Uwanja wetu, wageni hawaujui, umebanwa na nyumba za mawe pande tatu, na upande wa nne ndio ngazi. Siku yangu ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha na maji yamesimama chini ya kikapu cha upande wa kibla. Mzee Foum akanipa ufagio wa chelewa na gunia kuukuu. Akanambia, "Maji usiyasukume mbele yako, yatakurudia. Yavute ukirudi nyuma, kisha gunia lilaze, ulikanyage, ulikamue." Nikavuta maji kutoka saa nane mpaka adhana ya alasiri. Nilipomaliza akaja, akapitisha kiganja chini, akakitazama, akasema, "Hapa mtoto wa mtu atateleza." Nikaanza tena. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Funguo ya stoo hakunipa mwezi mzima, na nilipopewa nikakuta ndani mna mipira miwili, mmoja umepasuka.

Alinifundisha kusuka wavu wa kikapu kwa mshipi wa kuvulia samaki, kwa kuwa wavu wa dukani haukai na hewa yetu ya chumvi. Alinifundisha kupaka ringi mafuta ya taa kila Ijumaa baada ya sala, isipate kutu. Na alinifundisha kuwa jezi hazianikwi juani, huanikwa kivulini zimepinduliwa, namba ndani.

Na maneno mawili alinambia, ambayo wakati ule niliyaona ya kizee. La kwanza, "Mwatima, ukitaka kujua mchezo ulikwendaje usiulize pointi. Fua jezi." La pili, "Wachezaji hujifanya hawasikii ngazi. Wanasikia hata anayemenya chungwa."

Hilo la pili nililiamini mwezi wa tatu tu, kwa kosa langu mwenyewe. Jezi zetu nyekundu, bukta nyeupe. Nikaziroweka zote beseni moja. Kukamua, bukta zote zimekuwa waridi. Na mchezo ni kesho yake! Nahodha wakati huo alikuwa Shaame Mbaraka, kijana mrefu mwenye haya. Alizitazama zile bukta, kisha akanitazama mimi.

"Bi Mwatima, ndo tunavaa hizi?"

"Hakuna nyengine, mwanangu."

"Watatucheka mpaka sikukuu ya Idi."

Wakatoka mmoja mmoja, wamefunika bukta kwa mikono kama walioibiwa nguo wakiwa wanakoga. Wageni wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo, natamani Mzee Foum anifukuze yaishe. Mara Bi Kidawa akasimama na upawa wake mkononi, akapaza sauti: "Hee! Leo kuna harusi na sisi jirani hatukualikwa?" Akapiga kigelegele. Ngazi nzima ikapokea. "Bwana harusi Shaame, mahari umetoa?" "Katoa nusu!" "Nusu nyengine?" "Ataitoa kikapuni!" Basi mikono ikatoka kwenye bukta, vijana wakaanza kucheka wenyewe, wakacheza siku ile kama waliopakwa upupu. Tukashinda. Bukta zile za waridi wakakataa kuzibadilisha mpaka zikachanika.

Ngazi zile zilinitoa aibuni mimi mgeni wa kazi, na zikawatoa na wao. Nililiona kwa macho yangu. Ndiyo maana sina udhuru wa kusema sikujua.

Mzee Foum alipofariki, Mungu amrehemu, kazi ikawa yangu peke yangu, na kidogo kidogo na ngazi zikawa zangu. Sisi watu wa Unguja vijembe tumenyonya pamoja na maziwa. Mwanamke hapa akitukanwa hajibu tusi, anangoja ngoma ajibie kwa wimbo. Nami nilikuwa na ulimi. Nikitunga neno jepesi la kuitikia, nasimama penye mfereji, nainua mkono wa kulia na pembe ya kanga ndani yake, na ngazi nzima zinapokea. Mkono ukipanda, wanaanza. Ukipanda zaidi, wanazidisha. Timu za nje zikija kwetu zilikuwa zinakuja na pamba za masikio, wallahi. Kuna kijana wa Mtoni, mlinzi wao, nilimtungia neno kuhusu viatu vyake vya kuazima, akakosa mipira mitatu mfululizo. Mwalimu Suleiman akaja baada ya mchezo akicheka, "Bi Mwatima, wewe ndiye mchezaji wetu wa sita." Nikavimba kichwa. Nasema kweli, nikavimba.

Ame Pandu alikuja kwetu akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kazi yake uashi, kwenye zile nyumba mpya za Fumba. Alikuwa akija mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, saruji imemkaukia viwikoni, na kabla hajagusa mpira anakuja mferejini kwangu kunawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umejenga vyumba vingapi?"

"Leo nimebomoa, bibi. Mwenye nyumba kabadilisha mawazo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, mpole, na mdomo wake una mzaha mdogo wa pembeni. Lakini akishika mpira ni mwengine. Alikuwa akipita katikati ya watu wawili kama anayepita uchochoroni kwao. Nikampa jezi namba nane, ambayo ilikuwa imekaa stoo tangu alipoondoka Shaame. Nilimpenda. Mtu asije akasema sikumpenda.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Ile mitupo ya bure, ambayo mchezaji hupewa akichezewa rafu, wakati wenzake wote wamesimama na hakuna wa kumzuia ila nafsi yake, ile ilikuwa ikimsumbua. Kwenye mbio alikuwa hana hofu. Kusimama ndiko kulikokuwa kukimtia hofu. Siku moja tulifungwa kwa pointi moja na yeye alikuwa amekosa mitupo miwili ya mwisho. Watu wakarudi majumbani wamenuna. Wiki ile yote nikawa nafua nikitafuna maneno mdomoni, na mchezo uliofuata, Ame alipokwenda mstarini, nikainua mkono na pembe ya kanga:

"Fundi kajenga nyumba!"

Bi Riziki, ambaye nilikuwa nimeshamfundisha asubuhi, akajibu kwa sauti yake ile ya tarumbeta: "Mlango?"

Na ngazi nzima: "Kausahau!" Makofi matatu.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Ame mwenyewe alicheka, akatikisa kichwa, akatupa, ukaingia. Nikasema moyoni, umeona? Utani ni dawa. Baada ya mchezo akanambia, "Bibi, leo mmenijengea nyumba." Nami nikacheka.

Lakini wimbo ukishatoka kinywani si wako tena. Ulikuwa mwepesi mno. Mchezo uliofuata, kabla sijainua mkono wakaanza wenyewe. Akiingiza, "Kausahau!" Akikosa, "Kausahau!" kwa nguvu zaidi. Akifunga viatu, "Mlango?" Watoto wanauimba kando ya kuta za uwanja wakienda chuoni. Na hapa ndipo pa kuangalia, Mwanaidi, wewe na wenzako. Hassan wa Bi Riziki alikuwa akikosa mitupo ile ile, na mara nyengine zaidi ya Ame. Hakuimbiwa hata siku moja. Nani amuimbie, na mama yake yuko pale juu? Salum akikosa, baba yake anakohoa kwenye ngazi za wanaume na watu wananyamaza. Idi ni mpwa wa kocha. Wimbo ulikwenda kwa yule asiyekuwa na wa kumkoholea.

Nikaanza kuona jambo kwenye beseni. Jezi namba nane inarudi na kola imelowa mate, imetafunwa. Mara ya kwanza nilidhani ni panya. Nikaishona kwa uzi mwekundu, pindo dogo, halionekani. Wiki ya pili kola imetafunwa pengine. Nikashona. Kisha nikamwangalia siku ya mchezo, nikamuona: akienda mstarini anaivuta kola kwa meno, anaiuma, ndipo anatupa. Akawa anauma hata akiwa kwenye benchi. Na tena nikaona kuwa haingii katikati ya watu kama zamani. Akipata mpira anautoa haraka kumpa Idi, ili asichezewe rafu, ili asipelekwe mstarini. Mwalimu Suleiman alikuwa akimgombeza, "Ame, ingia! Kwa nini huingii?" Mwalimu alikuwa hajui. Mimi nilikuwa najua, maana ile jezi nilikuwa nayo mikononi kila wiki. Na nilichofanya ni kushona. Miezi mizima nilishona kola ya mtoto wa mwenzangu nikajiona mtunzaji mzuri wa vifaa.

Mwalimu Suleiman akahisi mwishowe. Akanifuata mferejini.

"Bi Mwatima, ule wimbo upelekeni Mtoni. Huyu ni wetu."

"Mwalimu, watu wanamtania. Mtu humtania ampendaye."

"Anacheza vibaya."

"Kwani hapa matangani, watu wakae kimya? Mwambie aingize tu, wimbo utakufa wenyewe."

Aliondoka akitikisa kichwa. Alikuwa ananiheshimu kwa umri, na heshima ile nikaitumia vibaya.

Kisha akaja Ame mwenyewe. Ilikuwa siku ya mazoezi, hakuna watu. Alinawa, akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akawa anabandua saruji viwikoni.

"Bibi, ule wimbo nani katunga?"

Nilikuwa nakamua jezi. Sikuacha kukamua. Nikamwambia, "Wimbo wa watu, baba. Hauna mwenyewe."

"Kazini Fumba wameshaujua. Nkipanda kwenye miti ya ujenzi wananiuliza mlango."

"Wape jibu. Wewe huna mdomo?"

"Na mama kausikia. Watoto wameuimba dirishani, Bububu. Kaniuliza, Ame, kwani wewe umefanya nini kule mjini watu wanakuimba?" Akabandua kipande chengine cha saruji. "Bibi, wewe wanakusikiliza. Waambie basi wauwache. Siku mbili tatu tu, nkae sawa."

Nikamwambia, "Nitawaambia, inshallah."

Wenye kujua inshallah za watu kama mimi watajua maana yake. Sikuwaambia. Si kwa ubaya. Niliona haya. Ningemwambia nini Bi Riziki? Kwamba wimbo wangu, ambao watu wananisifia hadi sokoni, umemuumiza mtu? Nilitaka ufe kimya kimya bila ya mtu kunitazama.

Sasa ile siku ya watu wa Mtoni. Ulikuwa mchezo wa kuamua nani aende Pemba kucheza na wenziwe wa huko, na timu yetu ilikuwa haijapata kwenda. Ngazi zimejaa tangu baada ya adhuhuri. Watu wa Mtoni wamekaa pembeni, wachache, wamenyamaza. Mchezo ulikwenda bega kwa bega. Na Ame siku ile aliingia. Sijui kala kiapo gani na nafsi yake asubuhi ile, lakini aliingia katikati ya watu kama zamani, na hata ngazi zilisahau wimbo. Jua limeshaanza kushuka nyuma ya nyumba, timu ziko sawa, zimebaki sekunde chache, na yule mlinzi wa Mtoni, yule wa viatu vya kuazima, akamchezea rafu. Mitupo miwili. Mmoja tu ukiingia tunakwenda Pemba.

Ame akaenda mstarini. Akaivuta kola kwa meno. Uwanja ukawa kimya, nikasikia mfereji wangu unadondoka. Nikasema, ya Rabi, wasianze. Nikamtazama Bi Riziki, nikaona midomo yake inajikunja, namjua, ndivyo anavyofanya kabla ya kutoa sauti. Nikainua mkono wa kulia. Niliinua kumnyamazisha. Niliinua juu kabisa, ili na wa ngazi za nyuma waone.

Na ngazi nzima zikaona mkono wa Bi Mwatima umepanda na pembe ya kanga ndani yake.

"Fundi kajenga nyumba!" Si sauti moja, ni mia. Nikaupandisha mkono zaidi, nautikisa, nawaambia basi, basi. Wakazidisha. Ndivyo nilivyowafundisha: mkono ukipanda wanaanza, ukipanda zaidi wanazidisha. Miaka yote ile sikuwahi kuwafundisha ishara ya kunyamaza. Sikuwahi kuihitaji.

Ame akageuka. Hakutazama ngazi. Alitazama mferejini, akaniona nimesimama na mkono juu. Alinitazama kiasi cha kuvuta pumzi moja, akakigeukia kikapu. Mpira wa kwanza haukugusa hata ringi. Wetu wakacheka, Mtoni hawakucheka. Wa pili aliutupa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Ukagonga ubao, watu wa Mtoni wakaudaka, wakakimbia nao, wakafunga. Filimbi.

Watu walipokwisha kutoka alikuja na jezi yake. Wengine huzitupa tu kwenye beseni. Yeye aliikunja, kifua ndani, namba juu, akaniwekea mkononi. Jasho lilikuwa bado la moto.

"Bibi, kola usiishone tena."

Akanawa, akaniaga kama kawaida yake, akatoka kwa mlango wa urojo. Bi Kidawa akamwita ale, akasema kashiba. Hakurudi.

Mnaweza kusema, mchezaji mmoja. Lakini msimu uliofuata nilifua jezi nne na kola zimetafunwa. Waliobaki waliona. Salum akawa hataki kwenda mstarini. Hassan, mtoto wa Bi Riziki mwenyewe, alimwambia mama yake mbele yangu, "Mama, siku tunayocheza nyumbani usije." Bi Riziki alilia siku ile, nami nikamshika mkono, na sikumwambia nililokuwa nalijua. Mwalimu Suleiman akaniambia siku moja, anakunja nyavu, "Ajabu, Bi Mwatima. Vijana wananiomba michezo ya ugenini." Kule kwa watu walikuwa wanacheza vizuri. Kwao ndiko walikokuwa wakiogopa. Nimekaa uwanjani miaka mingi na sijaona timu iliyofikwa na jambo baya kuliko hilo, kuogopa nyumbani kwake mwenyewe.

Ngazi zilinyamaza zenyewe baadaye, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuimba. Lakini kunyamaza kwa kususa si kunyamaza kwa kuheshimu, na wachezaji wanajua tofauti. Nilishamwambia Mzee Foum kaburini kwake, wanasikia hata anayemenya chungwa.

Mwaka huu, nilipokabidhi funguo, nilifunga mkate wa kumimina kwenye kitambaa, nikaitia na jezi namba nane kwenye mkoba, ile ile, kola haijashonwa, nikenda Fumba. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu nyumbani: Ame, mtunzi ni mimi, na siku ile uliponiona mkono juu nilikuwa nawanyamazisha. Nikamkuta. Sasa ni fundi mkuu, ana mvi mbili tatu kwenye ndevu, na watu chini yake. Aliniona kwa mbali akaja mbio.

"Shikamoo, bibi! Na jua lote hili?"

"Marahaba, baba. Mama hajambo?"

"Mama alitangulia, bibi. Mwaka wa pili huu."

Nikampa pole. Bi Tatu, sikupata kumuona hata mara moja. Akanitafutia tofali, akalifunika kwa kipande cha boksi nikae, akaukata mkate akawagawia watu wake, akanisifia mkate. Nikasema sasa ndo wakati. Nikatia mkono ndani ya mkoba, nikaishika jezi. Nikamwambia, "Ame, nina neno nilitaka nikwambie tangu zamani."

Kijana mmoja akapaza sauti kutoka juu ya miti: "Fundi Mlango! Saruji inakauka!"

Na Ame akajibu, "Naam, nakuja." Akajibu hivyo hivyo, kama mtu anayeitwa kwa jina alilopewa na baba yake. Akanigeukia, anatabasamu, "Sema, bibi, nakusikiliza."

Nikatoa mkono mkobani, mtupu. Nikamwambia, "Neno lenyewe dogo, baba. Nimekuja kukusalimu tu." Akanisindikiza mpaka barabarani. Jezi nikarudi nayo.

Sasa, Mwanaidi, hili ndilo la kazi, la ufagio na mafuta ya ringi utalijua mwenyewe. Ukikusanya watu kwenye ngazi, kabla hujawafundisha wimbo wafundishe kunyamaza. Shaurianeni ishara, kiganja chini, au pembe ya kanga ishushwe, mtakavyo, lakini iwepo, na muifanyie mazoezi siku isiyo na mchezo. Na mtazame nani hana mtu wa kumkoholea. Huyo mumkalie karibu nyinyi. Na kola ikija imetafunwa, usichukue sindano. Mwite mwenyewe, muulize.

Mengine niliyoandika hapa majina yake sikosei, nani alikuwa mtoto wa nani, nani alikaa ngazi gani. Liko moja tu ambalo sina hakika nalo, na usiku na mchana nalirudia. Nimeandika kuwa niliinua mkono kuwanyamazisha. Ndivyo ninavyokumbuka. Lakini mkono ule ulikuwa na mazoea yake, na mimi nilikuwa naupenda wimbo wangu. Bi Riziki, Bi Kidawa, Mwanaidi, Mwalimu Suleiman, na nyote mliokuwepo siku ile: mlikuwa mnanitazama mimi, mimi nilikuwa namtazama Ame. Kama uso wangu mliuona unasema jambo jengine, njooni mnisahihishe. Nipo nyumbani, mlango wangu hausukumwi, uko wazi. Nambieni kweli, hata ikiwa ndiyo ninayoiogopa, nikampelekee Fumba pamoja na jezi yake.